Tusimwache Peke Yake Anayengoja Jibu la Mungu



Wapo waumini wenzetu ambao kila Jumapili hukaa benchi la nyuma na kutoka kabla matangazo hayajaisha. Hawajaichoka ibada. Wanayakwepa maswali ya pale nje: mtoto lini, kazi umeshapata, mgonjwa wetu anaendeleaje. Kuna mama aliyeomba apate mimba mwaka baada ya mwaka. Kuna kijana aliyemaliza chuo, ametembeza bahasha ya vyeti ofisi hadi ofisi, na kila Ijumaa yumo kwenye mkesha. Kuna mjane aliyefunga na kuomba mumewe apone, na leo anaomboleza. Wote wameomba, na mbingu zimenyamaza. Naandika kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili yetu sisi tunaosali nao chini ya paa moja.

Tumezoea kuwajibu haraka. “Wakati wa Mungu ndio wakati sahihi,” tunasema, huku mkono mmoja umeshashika funguo za pikipiki. Wengine tunaongeza chumvi kwenye kidonda: jichunguze, huenda kuna dhambi, imani yako ni haba, panda mbegu ufunguliwe. Maneno ya namna hiyo Biblia inayafahamu vizuri, maana ndiyo waliyoyasema rafiki zake Ayubu. Watu wale walianza vyema kabisa. Walipomwona alivyo, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kutamka neno. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini anateseka. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, na Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura, ndiye aliyehesabiwa kuwa amesema yaliyo sawa.

Tena tusisahau kitabu chetu cha sala. Kati ya Zaburi 150, takriban theluthi moja ni maombolezo. Zaburi ya 13 inamuuliza Bwana atamsahau mtu wake hata lini. Ya 88 haimaliziki hata kwa neno moja la faraja; inaishia gizani. Waliotutangulia hawakuiondoa, wala hawakuishonea kiraka cha furaha mwishoni. Waliiweka mikononi mwa waimbaji wa hekalu, watu wote wa Mungu waisali. Naye Mwokozi wetu pale msalabani alilia kwa maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 22, akamuuliza Baba kwa nini amemwacha. Basi asituambie mtu kwamba kulia mbele za Mungu ni kukosa imani. Anayemlilia Mungu hajamwacha. Aliyemwacha hana tena wa kumlilia.

Hapa kwetu Afrika Mashariki ukimya huu tunaujua tangu siku za wamisionari wa karne ya 19. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huohuo homa ilimchukua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga akamfuata. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakafungua kituo Rabai, kwenye vilima vya Wamijikenda nyuma ya Mombasa. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu aliyekuwa hoi kwa ugonjwa, na hakuishi sana baada ya ubatizo. Krapf aliondoka mwaka 1853 afya yake ikiwa imedhoofu. Rebmann alibaki. Mwaka 1866 alimzika mkewe, Emma. Macho yake yakafifia hadi akawa kipofu, na waumini waliokuwa wakimzunguka walikuwa wa kuhesabika.

Rebmann alipoondoka Rabai mwaka 1875, baada ya miaka 29, hakuweza kuiona njia. Aliyesafiri naye hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa Rabai. Mwaka uliofuata Rebmann alifariki huko Ujerumani. Kanisa la pwani lilianza kupanuka alipokwisha kuondoka, watumwa waliokombolewa walipopewa makazi Freretown. Kuongezeka kule hakukushuhudia. Alichopewa yeye ni mtu wa kusafiri naye gizani, na mtu huyo alitoka katika nyumba mojawapo ya zile chache zilizoipokea Injili. Tukisimulia habari za Rabai, tusiishie kwa wamisionari. Tumtaje na Nyondo, kwa maana kazi yake ndiyo tunayohitaji kuirithi.

Wala tusimwahidi mtu kwamba ukimya lazima utaisha akivumilia kidogo tu. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, dunia ilishangaa kusoma kwamba kwa karibu miaka 50 ya utumishi wake alikuwa na giza moyoni, haoni wala hahisi uwepo wa Mungu aliyekuwa akimtumikia, isipokuwa kwa kipindi kifupi. Asubuhi aliamka akasali, akatoka kwenda kwa wanaokufa barabarani. Mwaka 2016 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu. Huyu hakuwa na imani haba. Hisia zilikauka, uaminifu ukabaki, na maskini wa Kolkata waliupata upendo wa Kristo kupitia mikono yake.

Kutokana na haya nasema jambo moja: imani ya msimu mgumu haibebwi na mtu mmoja. Mikono ya Musa ilipochoka vitani, Haruni na Huri waliishika, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likazama. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, na Injili ya Marko inasema Yesu aliiona imani yao. Siku ile mgonjwa hakuulizwa kwanza kama anaamini vya kutosha.

Kwako unayengoja, nakusihi mambo matatu. Njoo kanisani hata kama huwezi kuimba. Kaa, wenzako waimbe kwa niaba yako. Maneno ya sala yakikuishia, chukua Zaburi ya 13, ni fupi, uisome kwa sauti kama ilivyo, na kwa siku hiyo inatosha. Na umwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba umechoka. Kama usingizi umekukimbia kwa majuma, au unajisikia huna sababu ya kuishi, mwambie leo, na uende hospitali pia. Daktari naye ni mkono wa Mungu. Usiache dawa kwa sababu umeombewa, wala usiuze kiwanja kununua mafuta ya upako. Neema ya Mungu haina bei.

Kwenu wachungaji, mapadre, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, naomba mtupe nafasi ya kuomboleza. Kipindi cha ushuhuda kimejaa waliopata nyumba, viza na ndoa, nasi tunafurahi nao. Mpeni kipaza sauti na yule aseme kwamba bado hajajibiwa na bado yupo, kisha kanisa zima limshike. Tengeni ibada ya maombolezo, mkizisali zile zaburi tunazoziruka. Na pale muujiza unapofanywa biashara, semeni wazi mimbarani, maana wanaonyang'anywa ni walewale waliokwisha kuumia.

Kwetu sote majirani: msibani tunajua kujitokeza. Turubai linafungwa, sufuria zinakuja, rambirambi inachangwa, kina mama wanalala na mfiwa. Matanga yakianuliwa kila mtu anarudi kwake, na mfiwa anabaki na vitanda vitupu. Hapo ndipo ukimya wa Mungu unapoanza kuuma. Mtembelee mwezi wa pili na wa tatu. Beba sukari, keti, mtaje marehemu kwa jina, na usihangaike kutafuta la kusema. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa kanda yetu walizifanya kipaumbele mwaka 1976, na ibada za nyumba kwa nyumba katika makanisa mengine, zina maana kubwa kuliko kusali rozari au kusoma neno na kukusanya michango. Jumuiya ikikutana, kabla ya kufunga, iulize: nani hatujamwona majuma haya mawili? Kisha watu wawili watumwe kwake siku hiyohiyo.

Ndugu yangu, unamfahamu mtu mmoja anayengoja. Jina lake limekujia ulipokuwa unasoma. Usimtumie ujumbe wa kupita kwenye simu. Mpigie, kisha nenda ukamwone. Mwambie kwamba hujaja na jibu, umekuja kuomba pamoja naye, na utarudi wiki ijayo. Na wiki ijayo urudi kweli. Bwana awatie nguvu wote wanaomngoja, naye atuondolee sisi uvivu wa kuwaendea.