Kisu cha Mama

Mama aliniomba kisu, wapendwa, nami nikakodolea macho chuma cha pua kiitwacho S30V: kromi asilimia 14, vanadi 4, makali hayaishi upesi. Bei? Tuiache. Nikakumbuka jiwe lake la kunolea kule Tanga. Chembe za vanadi ni ngumu kulizidi. Kisu kikiwa butu atakikandamiza, kiteleze, na vidole vyake vina baridi yabisi. Majeraha ya namna hiyo nimeyafunga mengi zamu za usiku. Chuma cha kaboni hunoleka kirahisi, ila ndimu na hewa ya bahari hukitia kutu. Nikachukua X50CrMoV15, kaboni asilimia 0.5 tu, kromi 15. Dukani hakisifiwi. Jumapili kanipigia: "Mwanangu, jiwe limekikubali."