Neno la Mhariri: Sofi Kwanza

Mjadala wa sarafu za Kirumi umezuka tena, na safari hii umetua Kasingirima, hapa Ujiji. Akitajwa tu Faustina, mke wa Kaisari Antoninus Pius, na vipande vya dhahabu vyenye sura yake, hakosekani wa kuuliza kama vilifika huku Ziwa Tanganyika. Swali halina ubaya. Linaloniudhi ni dhana iliyojificha ndani yake: kwamba Ujiji haina historia ya fedha mpaka Roma iigongee muhuri.

Fedha tulikuwa nayo. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika hapa Februari 1874 alikuta sofi, shanga zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko kilichovunjika. Soko likifunguliwa, wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi waliokuja na shanga nyingine. Soko likifungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Faida walikula kotekote. Wasomi wetu wanaotafuta benki ya kwanza ya Kigoma kwenye majalada ya Wajerumani wamechelewa.

Anayetaka sura ya mwanamke kwenye sarafu amtazame Maria Theresa wa Austria. Riale yake ya fedha, gramu 28 na ushei, ilitamba Unguja katika karne ya 19. Mwenyewe alifariki 1780, lakini sarafu ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani zake walishaizoea sura hiyo. Faustina naye alifariki mwaka 140, na sarafu zake nyingi zilipigwa baada ya kifo chake, mumewe akimuenzi. Kule aliamua Kaisari. Huku aliamua mchuuzi. Hata riale yenyewe haikutosha bara: misafara ilipanda na nguo, shanga na nyaya za shaba, na aliyetaka mawese sokoni Ujiji alimtafuta kwanza mwenye sofi.

Katika toleo hili, makala ya sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye tembo, ni nzuri, ila mwandishi ameng'ang'ania mng'aro. Ile ya hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, itawafaa wataalamu. Ya bei za dagaa isomwe na kila mtu.

Kwa toleo lijalo nina ombi moja. Bibi zenu wana makasha. Kabla wanunuzi wa vitu vya kale hawajabisha hodi, zipigeni picha shanga zilizomo, andikeni nani alimrithisha nani, mtuletee.