Kumlikiza si kumfukuza
Na Zuhura Mbwana

Mama mkwe alikuja kutoka Muheza na jani la shubiri mkobani. "Pakaa usiku, mwanangu. Siku tatu tu, kashaacha." Wanawe watano aliwaachisha ziwa hivyo, na aliniletea kwa mapenzi. Nililipokea kwa mikono miwili, nikaliweka juu ya kabati. Lilikaukia huko.

Wazee wa pwani hawasemi kumwachisha, husema kumlikiza mtoto. Ni neno lililo ndugu na likizo: kumpa mtu ruhusa aende zake. Shubiri haitoi ruhusa. Mtoto anakwenda palepale alipotulizwa tangu siku ya kwanza, anakuta uchungu, na hakuna aliyemweleza kitu.

Binti yangu alikuwa na miaka miwili na miezi miwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi, na Kurani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, ikataka uamuzi wa kumwachisha utokane na ridhaa na mashauriano ya wazazi. Basi mimi na mume wangu tulishauriana. Niliona na mtoto naye apewe nafasi katika shauri lile.

Ziwa la mchana lilikwisha kwa wiki mbili, kwa uji, ndizi mbivu na kuku wa jirani wa kutazama. La jioni ndilo lililonitoa machozi. Nikirudi kazini alikimbia na kanga yangu mkononi, akinivuta mkekani: "Nyonyo, mama." Haikuwa njaa, kwani alikuwa ameshakula. Alikuwa ananipokea. Kwa hiyo mkeka na kanga nilivibakiza, nikampakata palepale, nikamsimulia kila nilichokiona njiani. Siku nyingine hadithi ilitosha. Siku nyingine haikutosha, nikamnyonyesha.

Mwendo huo ulinifaa na mimi. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotoka; ukikata ghafla, matiti hujaa, huuma, na huweza kushika uambukizo wenye homa. Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi pale chakula kinapokuwa duni. Jina kwashiorkor, ambalo sisi tunaita unyafuzi, Daktari Cicely Williams alilichukua miaka ya 1930 kutoka kwa Waga wa Ghana ya leo: ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa mdogo wake, yeye akaondolewa ziwani. Mama anayeachisha taratibu anapata muda wa kuona kama sahani inajaza pengo.

Usiku alishika zamu baba yake. Siku ya kwanza mtoto alilia sana, akabebwa begani, akapewa maji kikombeni. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, kanga imelowa kifuani. Usiku wa nne alilia kidogo.

Wiki ya tatu nilirudi kulala naye. Aliamka, akanipapasa kifua gizani, akaacha mkono wake hapo. "Nyonyo imelala," akasema, naye akalala.