Kagongwa Kichwa, Kamwagiwa Maji, Karudi Gemu: Lawama Ni Ya Nani?

Wacha nikupeleke Kiserian kwanza. Jumapili jioni, kiwanja cha vumbi, mbuzi wanakula nyasi pale kwa kona, na mashabiki wamejipanga kwa laini ya chokaa iliyofutika kitambo. Ni fainali ya kombe la mtaa. Mpira wa juu unakuja, beki wetu anaruka, straika wao anaruka, vichwa vinakutana hewani. Ile sauti ilisikika mpaka kwa mathe wa mahindi choma.

Beki akalala chini. Msee mmoja wa benchi akakuja mbio na chupa ya maji, akammwagia kichwani, akamzaba vikofi viwili vya mashavu, akamuuliza, "Buda, uko fiti?" Beki akasema, "Niko fiti." Akasimama. Kiwanja kizima tukapiga makofi. "Huyo ndio mwanaume!" Hiyo kelele ilikuwa yangu. Nakuambia mapema ndio usidhani naandika hii stori kama malaika.

Tulishinda kwa penalti. Tukirudi base akaniuliza, "Kwani tumeshinda?" Nikamwambia ndio, penalti. Tukafika steji ya matatu, akaniuliza tena. Tumekaa kwa kibanda, chai na mandazi mezani, akaniuliza mara ya tatu. Na sisi tukacheka. Manze, tulicheka mpaka machozi. Usiku huo alitapika mara mbili. Kesho yake hakutoka kwa keja.

Sasa elewa kitu moja: huyu beki ni msee wa nduthi. Siku asipopeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, hali. Kwa wiki tatu jua lilikuwa linamchoma macho na honi za Barabara ya Magadi zinampasua kichwa. Mwenye pikipiki hakungoja, alimpa kijana mwingine. Kombe liko juu ya kabati ya mtu, linang'aa. Beki hana kazi.

Basi swali langu kwako ni rahisi: nani alifaa kumtoa kwa gemu?

Kwanza, nini hutokea huko ndani?

Ubongo wako si jiwe. Ni kitu laini, kinaelea ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla ama kikizunguka kwa nguvu, ubongo unaendelea na safari yake, unatikisika, na kazi yake inavurugika. Madaktari wanaita mtikiso wa ubongo. Haihitaji damu. Haihitaji uvimbe. Na hapa ndipo wengi tunapotea njia: wengi wanaopata mtikiso hawazimii hata kidogo. Mtu anaweza kusimama, akatembea, akakujibu "niko fiti," na ubongo wake hauko fiti hata kidogo.

Dalili unazijua, ni vile tu tumezoea kuzifanyia jokes: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kuona mawili mawili, kuuliza swali moja mara tatu, kukasirika bila sababu, mwanga na kelele kukusumbua.

Mbaya zaidi ni kugongwa tena kabla ule wa kwanza kupona. Januari 2011 kule Northern Ireland, kijana wa shule wa miaka 14 aligongwa kwa mechi ya raga, akaangaliwa, akarudi kucheza, akagongwa tena. Alianguka, akafariki. Uchunguzi rasmi wa kifo chake ulisema ni ile kugongwa mara ya pili wakati ubongo haujatulia. Miaka 14. Mechi ya shule, si Kombe la Dunia.

"Lakini yeye mwenyewe alisema yuko fiti"

Hii ndiyo sababu namba moja nilisikia mtaani. Na inakaa poa mpaka ukumbuke Robert Wangila.

Kama ulizaliwa juzi, Wangila ndiye bondia pekee Mkenya aliyewahi kuleta dhahabu ya Olimpiki nyumbani. Seoul, 1988, fainali, akamzima Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Akaenda Marekani kusaka chapaa kwa ngumi za kulipwa. Julai 1994, Las Vegas, akapigana na David Gonzales. Refa Joe Cortez akaona kijana amechapwa vya kutosha, akasimamisha pigano. Wangila alilalamika. Alitaka kuendelea. Baadaye akiwa chumba cha kubadilishia nguo akazirai, na tarehe 24 Julai akafariki kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na miaka 26.

Soma hiyo tena pole pole. Ubongo wake ulikuwa tayari umeumia, na ubongo huo huo ndio ulikuwa unamwambia refa, "Niko sawa, niachie." Kumuuliza mtu aliyegongwa kichwa kama yuko fiti ni kama kumuuliza mlevi kama anaweza kuendesha gari. Jibu unalijua kabla hajafungua mdomo.

Na si ngumi pekee. Unakumbuka fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina? Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa uso mapema, akaachwa acheze kama dakika 14 hivi. Akamwendea refa Nicola Rizzoli akamuuliza kama hii ndiyo fainali. Refa alidhani ni mchezo, kisha akashtuka akawaambia Wajerumani. Kramer akatolewa dakika ya 31. Sasa kama Ujerumani, na madaktari wao wote pale benchi, waliteleza mbele ya dunia nzima, wewe na chupa yako ya maji Kiserian unajiamini na nini?

Basi lawama tuiweke wapi?

Tuanze na mchezaji. Ana jukumu, ndio: kusema ukweli. Lakini usimwekee mzigo wote. Anaogopa kuitwa mwoga, anaogopa kupoteza namba, na saa hiyo kichwa chake hakimwambii ukweli.

Kocha je? Wengi wa mtaani wanajitolea, hawalipwi hata nauli. Naheshimu hiyo. Lakini kocha ndiye anaamua nani anaingia na nani anatoka. Kumtoa mtu hakuhitaji digrii ya udaktari. Raga wamelifanya rahisi kabisa: ukishuku tu, unamtoa, na siku hiyo harudi. Hakuna mjadala. Hauhitaji kuwa na uhakika, shaka inatosha.

Refa naye ana filimbi, na anaweza kukataa gemu iendelee. Cortez alifanya hivyo na bado haikutosha, kwa sababu ngumi zilikuwa zishaingia. Ndio maana refa peke yake si mwisho wa stori.

Tumefika sasa kwa mwenye mashindano. Hapa nataka unisikize vizuri, juu ndipo watu huwa wanaruka.

Septemba 1991, London, Michael Watson alipigana na Chris Eubank, akaanguka. Hakukuwa na vifaa vya kumsaidia pale ulingoni, na dakika za maana zikapotea kabla apate matibabu. Alikaa siku 40 bila fahamu, akafanyiwa upasuaji wa ubongo mara sita. Alipoamka akaenda kortini, na hakumshtaki Eubank. Alishtaki bodi inayosimamia ngumi Uingereza. Akashinda, na Desemba 2000 korti ya rufaa ikakubaliana naye: wewe unayeweka sheria za mchezo, unayetoa leseni, una jukumu la kuhakikisha mtu akiumia kuna msaada wa haraka. Kusema "alijua ngumi ni hatari" hakukuwaokoa.

Marekani nako, wachezaji wa zamani wa mpira wao wa helmeti walienda kortini wakapata makubaliano yaliyofika kama dola bilioni moja. Na aliyewasha huo moto ni Mwafrika, daktari Mnigeria anaitwa Bennet Omalu, ambaye mwaka 2002 alichunguza ubongo wa staa Mike Webster akakuta umeharibika kwa miaka ya kugongwa. Steve Thompson, aliyeshinda Kombe la Dunia la raga na Uingereza 2003, alitangaza 2020 kuwa amepata ugonjwa wa kusahau na hakumbuki hata kushinda hilo kombe. Hebu fikiria. Una medali kwa nyumba na hujui ilikuja aje.

Rudi sasa Kajiado. Kombe la mtaa huku mara nyingi lina mdhamini, na mdhamini mara nyingi ni mwanasiasa ama mtu anayetaka kuwa mmoja. 2027 iko karibu, so jiandae: jezi zitakuja, mipira itakuja, mbuzi wa mshindi atakuja, spika kubwa na MC watakuja. Sijakataa, tunahitaji jezi. Lakini uliza: kama kuna pesa ya spika, pesa ya msee mmoja wa huduma ya kwanza imeenda wapi? Kama kuna gari ya kubeba mheshimiwa, kwa nini hakuna gari ya kubeba majeruhi? Kutoka Kiserian ukienda Kenyatta unapita Rongai, unashuka mpaka Lang'ata. Kama umewahi kukaa jam ya Rongai jioni unajua damu ikivuja ndani ya kichwa haiwezi kungoja hiyo foleni.

Anayeweka jina lake kwa bango la mashindano ameweka pia jina lake kwa usalama wa wale vijana. Si unapiga picha na kombe? Basi simama pia na aliyeanguka.

Vitu havigharimu hata bob

Najua utaniambia mtaa hauna pesa. Sawa. Hizi ni bure:

Kabla ya kikombe kuanza, timu zote zikubaliane: akigongwa kichwa na kuna shaka, anatoka, harudi siku hiyo. Na kamati iruhusu timu iingize mwingine hata kama mabadiliko yameisha. Sheria za mpira zenyewe tayari zinaruhusu mashindano kufanya hivyo, kwa hivyo hakuna anayevunja kitu.

Chagua mtu mmoja ambaye si kocha na hana bet kwa hiyo gemu. Neno lake kuhusu kichwa ni la mwisho.

Usimwache alale peke yake usiku huo. Asiendeshe nduthi, asinywe pombe. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akizidi kusinzia, mkono ukilegea, ama mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.

Siku moja mbili za kwanza apumzike, kisha arudi pole pole. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo ya mtaani unasema asicheze mechi ya ushindani kabla ya siku 21 kuisha. Siku 21 ni mechi tatu hivi. Hakuna kombe la mtaa lenye thamani ya ubongo.

Na sisi wa kando ya laini

Nimebakisha mtu mmoja kwa hii orodha, na ni mimi. Na wewe pia. Kocha angemtoa yule beki, sisi ndio tungemzomea. Beki angeomba kutoka, sisi ndio tungemwita mtoto wa mama. Zile kelele zetu zilimrudisha kiwanjani haraka kuliko ile chupa ya maji.

Beki alirudi kwa barabara mwezi uliofuata, na pikipiki ya mtu mwingine. Mpira anaangalia tu, amekaa na sisi. Juzi tukiwa kiwanjani kijana akagongwa kichwa, na kabla msee wa maji hajafika, beki alikuwa ashaingia ndani, amemshika mkono, anamtoa. Watu wakaanza kuzomea. Mimi nikasimama nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu kwa sekunde kadhaa, na zilikuwa ndefu.

Wikendi hii kuna gemu mahali karibu na wewe. Ukiona mtu amegongwa kichwa, usimuulize kama yuko fiti. Mtoe.