Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven

Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven (kwa Kiholanzi: Technische Universiteit Eindhoven, kifupi: TU/e) ni chuo kikuu cha umma katika mji wa Eindhoven, kusini mwa Uholanzi.

Historia

Kilianzishwa tarehe 23 Juni 1956, kikiwa chuo cha pili cha aina yake nchini baada ya kile cha Delft. Uholanzi ilikuwa ikijijenga upya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na ilihitaji wahandisi wengi. Eindhoven ulifaa kwa sababu kampuni ya Philips, iliyoanzishwa humo mwaka 1891, ilikuwa na viwanda na maabara kubwa. Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa mwanafizikia Hendrik Dorgelo. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alifundisha hapo kuanzia 1962 hadi 1984. Mwaka 1986 chuo kilipata jina lake la sasa.

Ukuaji

Baadaye Philips ilipunguza shughuli zake na kuhamishia makao makuu Amsterdam. Nafasi yake katika eneo hilo ikachukuliwa na ASML, kampuni ambayo Philips yenyewe ilishiriki kuianzisha mwaka 1984. ASML, yenye makao jirani huko Veldhoven, hutengeneza mashine za kuchora saketi za chipu kwa mwanga. Leo chuo kina wanafunzi zaidi ya 12,000.

Hali ya sasa

Mwaka 2024 ASML ilidokeza kwamba huenda ingepanua shughuli zake nje ya Uholanzi. Serikali na eneo la Eindhoven wakatenga euro bilioni 2.5 kwa ajili ya nyumba, usafiri na elimu, katika mpango ulioitwa Beethoven. Chuo kilitarajiwa kuongeza wahitimu wa fani za chipu.

Hata hivyo, mwaka huohuo muswada wa kupunguza masomo ya shahada ya kwanza yanayofundishwa kwa lugha za kigeni ulifika bungeni. Watetezi wake walitaja uhaba wa nyumba za wanafunzi na kulinda lugha ya Kiholanzi. Kwa TU/e, ambacho hufundisha kwa Kiingereza na hutegemea wanafunzi kutoka nje, mambo hayo mawili yalivutana: kilitakiwa kutoa wahandisi wengi zaidi, huku mlango wa kuwapata ukitishiwa kufinywa.