Kitenge hatukiulizi ni picha ya nini

Nilikuwa katika duka moja la kazi za mikono mjini Mbarara wakati kijana Mkongomani alipoingia na mzigo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuwa na vikapu vinne vilivyosukwa na majirani zake, pamoja na kitambaa cha gunia alichokipaka rangi mwenyewe. Mama mwenye duka alivipima vikapu kwa shibiri, akataja bei kwa ukubwa wake. Kisha akaligeuza lile gunia juu chini. “Hii ni picha ya nini?”

“Si picha ya kitu, mama. Ni rangi tu zilivyokaa.”

Mama akamrudishia. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitenge chenye duara, mistari na mabaka yasiyofanana na kitu chochote duniani. Kukinunua hakuuliza ni picha ya nini. Alikipenda, akalipa.

Ndugu mfanyabiashara, hiyo ndiyo sanaa dhahania: umbo na rangi vinavyopendeza bila kuiga mtu, mti wala mnyama. Si jambo la kigeni. Kule Gisaka, mashariki mwa Rwanda, watu wamechora imigongo kwa samadi ya ng’ombe iliyochanganywa na majivu, wakaipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Simulizi za huko zinaitaja kuwa kazi ya Kakira, mwana wa mfalme, aliyeishi muda mrefu kabla ya Kandinsky kusifiwa Ulaya kwa picha za aina hii miaka ya 1910. Hina ya Wasomali ni ukoo huohuo, na vikapu vya Warundi pia.

Kuithamini kazi kama hii mnajua tayari, ila mnadhani ujuzi huo ni wa vitambaa tu. Kwenye kitenge mnatazama rangi zinavyobebana, na nakshi kama inakutana vizuri penye mshono. Kwenye kikapu, tazama kama mistari imefunga duara bila kupishana. Hapo utajua msusi alihesabu kila uzi. Kwenye gunia lililopakwa rangi, rudi nyuma hatua tatu. Jicho likirudi mara ya pili lenyewe, kazi ile ina thamani. Kinachobadilika ni uzi, samadi au rangi tu.

Kwa nini hili ni jambo la biashara? Nakivale, wilayani Isingiro, imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1950. Leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Mafundi wa nchi hizo wanachota maji bomba moja na kutazamana kazi kila siku. Wakati huohuo mgao wa chakula umepunguzwa, na kwa familia nyingi bei ya kikapu ndiyo posho. Ukikilipia kwa shibiri peke yake, umenunua ukindu na saa za kazi. Nakshi umepewa bure.

Wapo watakaosema mteja hanunui asichokielewa. Akina mama wa Lomé, Togo, waliojulikana kama Nana Benz, walitajirika kwa kuuza vitenge kutoka Uholanzi. Siri yao moja ilikuwa kuzipa nakshi majina. Mteja alirudi dukani akiitaja nakshi kwa jina, na bei ikapanda. Hapa kwetu kanga huuzwa na jina lake. Mwulize fundi kazi yake anaiitaje, uandike jina hilo na lake kwenye kibandiko.

Kuhusu mpaka, wengi huogopa kwamba bidhaa ya mkimbizi itakataliwa Mutukula au Mirama Hills. Asili ya bidhaa hutazamwa kwa mahali ilipotengenezwa. Uraia wa fundi hauhusiki. Kikapu kilichosukwa Nakivale kwa ukindu wa Uganda ni bidhaa ya Uganda, na sheria ya wakimbizi ya nchi hiyo ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Waulize maofisa wa forodha kabla ya kufunga mzigo.

Simwambii mtu atie mtaji wote kwenye magunia ya rangi. Chukua matatu kwa mali kauli, yatundike juu ya vitenge, uone nani atasimama.

Yule kijana alipanda bodaboda na gunia lake likiwa limekunjwa kwapani. Vikapu vinne vilibaki dukani, vimepangwa kwa ukubwa.