Mchango wa Marehemu Haukosi

Shosho alikufa saa nane mchana. Kufikia saa kumi na moja jioni tulikuwa na grupu la WhatsApp la watu 180, mweka hazina na namba ya M-Pesa. Kwa siku nne tukapata pesa ya jeneza, tenti, ng'ombe na matatu mbili za kuleta watu kutoka Nairobi.

Wiki tatu kabla, niliomba ukoo huohuo nauli ya kumpeleka Meru mjini. Nilijibiwa na emoji za maombi.

Ilikuwa kansa ya koo. Nilikuwa nimeacha chuo, kwa hivyo mimi ndiye niliyekaa naye Kibirichia, kwenye ile baridi ya mlima. Usiku aliuma blanketi ili majirani wasimsikie. Zahanati ilitupa Panadol. "Hakuna cha kufanya tena," wakasema, "mrudisheni nyumbani."

Uongo. Cha kufanya kipo, na kinaitwa mofini. Si lazima iwe sindano: kuna unga unaochanganywa na maji, mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne. Haiponyi kansa, lakini mtu analala. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Meru mjini kuna Meru Hospice. Dawa ilikuwa chini ya mlima, sisi tuko juu, na katikati hakuna mtu wa kuipandisha.

Tena msiniambie ni umaskini. Uganda haituzidi utajiri, na mwaka 2004 iliruhusu wauguzi waliosomea kazi hii kuwaandikia wagonjwa mofini. Muuguzi anaweza kupanda boda hadi kwa mgonjwa. Daktari tunamsubiri mpaka tuzike.

Shangazi mmoja alikataa hata kusikia hilo jina. Eti Shosho atazoea dawa. Mama wa miaka 81, hawezi kumeza uji, na sisi tunaogopa asije akawa teja!

Kaunti iweke mofini kwenye vituo vya afya vya mashinani na isomeshe wauguzi wa kuitoa. Hilo ni lao. La kwetu ni kuchanga mtu akiwa bado anasikia maumivu.

Baada ya mazishi zilibaki shilingi 11,000. Kamati ikaamua ziwekwe kwa marumaru ya kaburi. Mimi nilikuwa kwenye hiyo kamati, na nilinyamaza. Sinyamazi tena.